Kwa Wastani Wote Wametibiwa

Kwa heshima na taadhima, na kwa mamlaka niliyopewa kwa barua yenye namba ya kumbukumbu ndefu kuliko barua yenyewe, nautangazia umma kwamba hospitali yetu ndiyo ya kwanza kuunganisha tiba ya mwanga na tiba ya sindano bila mgonjwa hata mmoja kupata vyote viwili. Wapo watakaosema jambo hilo haliwezekani. Hao hawajawahi kukaa kwenye kamati.

Mimi ni Katibu Mwandamizi wa Kamati ya Uunganishaji wa Tiba za Ngozi. Nina mihuri mitatu: mmoja wa duara, mmoja wa pembe nne, na mmoja ambao hakuna anayejua ni wa nini, ila una mlio mzuri ukigongwa. Nayasema haya si kwa kujisifu, ni kwa kumbukumbu.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Kuna mdudu anaitwa usubi, mdogo kuliko mbu, asiye na hata adabu ya kupiga kelele kabla ya kuuma. Akikuuma anakuachia vimelea chini ya ngozi. Zikipita wiki kadhaa panatokea kipele, kipele kinageuka kidonda, na kidonda kinajijengea gamba gumu juu kama ukoko wa sufuria iliyosahauliwa jikoni. Hakiambukizi kwa kushikana mikono, lakini kamweleze hayo mtu anayekikodolea macho.

Daktari wetu wa ngozi, mwanamke mfupi mwenye haraka, alihangaika nacho muda mrefu. Akichoma sindano peke yake, gamba linazuia na dawa inamwagika nje. Akitumia mashine ya mwanga peke yake, ile ya leza, gamba linaondoka, lakini vimelea vilivyojificha pembezoni vinasubiri mambo yapoe kisha vinarudi kazini. Mwishowe akaiandikia kamati barua ya ukurasa mmoja, ufupi ambao ulitushtua. Alisema mwanga utangulie, uondoe gamba na kufungua vitundu, halafu papo hapo dawa ichomwe kuzunguka kidonda kabla vitundu havijaziba. Akamalizia kwa maneno ambayo nilikuja kuyasikia mpaka usingizini: vyote viwili, siku moja, kiti kimoja.

Raia wa kawaida atasema, basi fanyeni. Raia wa kawaida hana mchoro wa muundo wa taasisi ukutani kwake. Mashine ya leza ni mali ya Idara ya Vifaa, iko mwisho wa korido upande wa mashariki, nayo imefungwa kwa nati sakafuni. Dawa ni mali ya Idara ya Dawa, upande wa magharibi, ndani ya jokofu lenye kufuli mbili, na kwa mujibu wa kanuni hairuhusiwi kutoka idarani isipokuwa ikiwa ndani ya mgonjwa. Juu ya hayo, kadi ya mgonjwa ina kisanduku kimoja tu cha muhuri kwa siku. Mgonjwa aliyegongewa muhuri mashariki, kiutawala, hayupo tena magharibi.

"Lakini ni hatua thelathini na mbili tu," Daktari alisema kwenye kikao cha kwanza. "Nimezihesabu. Nabeba bomba la sindano mkononi, natembea, nachoma. Basi."

Mkurugenzi wetu alivua miwani polepole, kama anavyofanya anapotaka kumhurumia mtu.

"Daktari, hizo hatua ulizihesabu kwa idhini ya nani?"

Tukaunda kamati ndogo ya kupima korido. Ilirudi na majibu matatu tofauti, kwa kuwa wajumbe hawakulingana miguu. Tukaenda hivyo, kikao baada ya kikao, mpaka cha kumi na tisa, ndipo Mkurugenzi akatoa wazo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasisimka mwili.

"Ndugu wajumbe," alisema, "nani amesema lazima mtu mmoja apate vyote viwili? Tunaunganisha tiba, hatuunganishi mtu."

Hata aliyekuwa anasinzia aliacha.

Utaratibu ukawa rahisi kabisa. Mgonjwa mwenye namba ya witiri anapata mwanga. Mwenye namba ya shufwa anapata sindano. Kisha wawili hao wanafungwa pamoja kwenye jalada moja linaloitwa Jozi ya Tiba, na jozi hiyo, ikihesabiwa kwa jumla, imepata mwanga na sindano. Kwa wastani, kila mgonjwa ametibiwa kikamilifu. Tulipiga makofi tukiwa tumesimama. Daktari hakusimama, nikaandika kwamba alikuwa amechoka.

Sasa nifike kwenye jambo la kifamilia, ambalo ningeweza kulificha ila muhuri hauniruhusu. Mume wa dada yangu ni kinyozi. Banda lake linatazamana na geti la hospitali: viti viwili vya kuzunguka, kioo chenye ufa kwenye kona, na taulo ambazo dada yangu anazifua mwenyewe mpaka zinanukia jua. Ni mtu mpole sana, shemeji yangu huyu. Ananinyoa miaka kumi na miwili sasa na hajawahi kunikata hata ule mwaka nilipokuwa nasimulia bajeti huku nikitikisa kichwa.

Usubi ulimuuma kwenye kiungo cha dole gumba la kulia. Mnajua kinyozi bila dole gumba ni nini? Ni mtu anayemiliki kioo. Wateja walikiona kidonda wakaanza kupungua. Wengine walipita upande wa pili wa barabara wakijifanya wanaongea na simu. Alivaa glavu, akafunga bendeji chini yake, akawaeleza kwamba hakiambukizi. Walimwitikia kwa heshima na hawakurudi.

Daktari alimtazama akasema kidonda kinaelekea ndani ya kiungo. Kikiachwa kikapona chenyewe kwa kovu, dole halitakunjika tena. "Nina miezi miwili ya kuliokoa," alisema. "Baada ya hapo tusidanganyane."

Nikafanya wajibu wangu wa kindugu. Nilimpatia kadi siku hiyohiyo bila foleni, namba themanini na moja. Witiri. Nyuma yake alikuwa mama mmoja mwoka mikate, mwenye kidonda kama sarafu shavuni, akapata themanini na mbili. Shufwa. Nikawafungulia Jozi Namba Arobaini na Moja, jalada safi la kijani, na nikawapa mkono wa pongezi wote wawili.

Wiki sita zilipita. Shemeji alipigwa mwanga kila Jumatatu. Gamba likaondoka, likarudi. Mwoka mikate alichomwa sindano kila Alhamisi, dawa ikatiririka juu ya gamba mpaka kwenye kola ya gauni lake. Mimi kwenye jalada niliandika: maendeleo mazuri, jozi imepata vipimo vyote vya tiba.

Siku moja nikawakuta wote wawili kwenye benchi la korido. Mwoka mikate alinisimamisha.

"Katibu, hebu nifafanulie, maana mimi kichwa changu kimezoea unga. Mwenzangu huyu mmempa maji ya moto. Mimi mmenipa majani ya chai. Halafu mmeandika wote wawili tumekunywa chai?"

"Kwa wastani, mama."

"Huo wastani unakaa wapi nikauamkie?"

Shemeji yangu aliinamia kiatu chake asicheke. Hata mimi nilikaribia, lakini nilikuwa kazini.

Dada yangu, kwa upande wake, hana utani kwenye mambo kama hayo. Jumapili yake alinifuata nyumbani, akakataa kukaa, akasimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Kaka, wewe si ndiye mkubwa huko?"

"Dada, suala lenu liko mezani."

"Liko mezani tangu lini? Na hiyo meza yenu haina mtu anayekula? Mume wangu leo asubuhi kashindwa kufunga kifungo cha shati. Nimemfungia mimi. Unajua aliniambia nini? Ahsante. Basi. Mtu anayewafunga watu shuka shingoni tangu ujana wake, anafungiwa vifungo vyake na mimi." Akaukaza mkoba begani. "Zimebaki wiki mbili, kaka. Daktari kasema miezi miwili. Mimi sijasoma kama wewe, ila wiki mbili nazijua."

Nilimwambia nitalifuatilia kwa karibu. Akaondoka bila kuaga, na tangu tuzaliwe hajawahi kuondoka kwangu bila kuaga. Niseme ukweli. Niliandika dokezo la kurasa nne kuomba idhini ya kuhuzunishwa na suala hilo kimaandishi, kisha nikalichana.

Wakati huohuo taasisi ilikuwa kwenye hekaheka. Mwenyekiti wa bodi, bibi mmoja anayesifika kwa kuvaa viatu visivyo na kisigino, alikuwa anakuja kuwa mgeni rasmi katika uzinduzi wa Taarifa ya Mafanikio ya Tiba Unganishi. Mkurugenzi aliapa kutonyoa hata udevu mmoja mpaka taarifa ikamilike. Na mimi, kwa uaminifu, nikaziacha zangu. Kwa wiki tatu tuliota ndevu za kizalendo.

Taarifa ilikamilika asubuhi ya siku yenyewe. Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne. Saa tatu na nusu Mkurugenzi alichomeka mashine yake ya kunyolea ofisini, ikatoa moshi, ikafa. Alinitazama kwa macho ya mtu anayezama.

"Katibu, si una shemeji kinyozi?"

Tukavuka barabara mbiombio. Shemeji alitukaribisha kwa heshima zote, akatuketisha kila mmoja kwenye kiti chake, akatufunga mashuka, akatupaka povu uso mzima. Dada yangu alikuwa kwenye kona anakunja taulo. Aliamkia, "Shikamoo Mkurugenzi," na mimi akaniruka.

Shemeji akavaa glavu. Akaanza na Mkurugenzi, shavu la kushoto. Taratibu, safi, wembe unatembea na yeye anapumua kwa pua kama anavyofanya akiwa anaumia na hataki kusema. Alipofika katikati ya kidevu akaacha. Akaja kwangu, akaanzia shavu la kulia, akashuka, akafika katikati ya kidevu. Akaacha. Akaosha wembe, akaukausha, akauweka kwenye kasha lake.

"Tayari, wakubwa."

Mkurugenzi alijitazama kiooni. Upande mmoja alikuwa mtoto wa shule, upande wa pili alikuwa povu na ndevu.

"Tayari nini?"

"Mmenyolewa."

"Bwana kinyozi, umeninyoa nusu!"

"Ni kweli, mzee. Wewe nimekunyoa kushoto, shemeji nimemnyoa kulia. Ukijumlisha ni mwanamume mmoja kanyolewa vizuri sana, hana hata kinyweleo kilichobaki." Akanigeukia bila hata chembe ya ukali usoni. "Shemeji, si ndivyo mnavyohesabu? Mimi ndivyo nilivyoelewa kwenye jalada letu."

Fomula ilikuwa sahihi.

"Maliza, tafadhali," Mkurugenzi alisema, na sauti yake ilikuwa imepoteza vyeo vyote. "Mgeni anaingia sasa hivi."

Shemeji akavua glavu, akafungua bendeji. Dole gumba lilikuwa limevimba, jekundu, limesimama kama kigingi. Akajaribu kulikunja mbele yetu. Halikwenda.

"Ningemaliza, mzee. Sikukusudia kuwavunjia heshima. Ndevu mbili nusunusu ndicho kipimo cha dole hili kwa sasa. Likilazimishwa zaidi, wembe utaniponyoka kwenye shingo yako, na shingo haina wastani."

Mkurugenzi alinyakua wembe ajinyoe mwenyewe, lakini ulipomgusa koo akaurudisha mbio. Nje honi za msafara zilikuwa zimeshafika getini. Dada yangu alitupa taulo moja kila mmoja, tukafuta povu, tukakimbia.

Ukumbini nilibuni mkakati. Mkurugenzi atawaelekezea watu shavu la kushoto, mimi la kulia, tusimame bega kwa bega tusigeuke. Ilienda vizuri kwa kama dakika tatu. Kisha mgeni rasmi, badala ya kukaa mbele alipoandaliwa kiti chenye kitambaa, alizunguka kusalimia watu upande wa pili.

Akasimama. Akamtazama Mkurugenzi. Akanitazama mimi.

"Jamani, nyie mmepatwa na nini?"

Mkurugenzi angeweza kusema mashine imeharibika. Angeweza kusema lolote. Lakini alikuwa amekariri hotuba usiku na mchana, na ulimi ukatoa ulichokuwa nacho karibu.

"Mheshimiwa, kwa wastani tumenyolewa."

Aliyeanza kucheka ni mwoka mikate, kule nyuma walikoketishwa wagonjwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Benchi zima la wagonjwa likafuata, witiri kwa shufwa. Mgeni rasmi alisubiri vicheko vipungue, akauliza kuna nini hasa, na Daktari, ambaye kwenye ratiba hakupangiwa kuzungumza, akazungumza. Alitumia sentensi tano. Katika hizo, moja ilikuwa: vyote viwili, siku moja, kiti kimoja. Nyingine ilikuwa: kinyozi huyu amebakiwa na siku tisa.

Mgeni rasmi akaweka mkoba wake juu ya taarifa ya mafanikio. Akatoka koridoni na vile viatu vyake visivyo na kisigino, akasimama kwenye mlango wa Idara ya Dawa, akaanza kutembea huku akihesabu kwa sauti. Sisi sote nyuma yake. Akafika kwenye mlango wa mashine.

"Thelathini na mbili," alisema. "Vikao vilikuwa vingapi, Katibu?"

"Kumi na tisa, Mheshimiwa. Ukiacha vya dharura."

"Na mgonjwa yuko wapi?"

Shemeji alikuwa amesimama getini na dada yangu, wamekuja kuturudishia miwani ya Mkurugenzi iliyosahaulika bandani. Wakaitwa. Mgeni rasmi alilishika lile dole kwa mikono yake miwili, akalitazama kwa muda mrefu, bila glavu. Kisha akatoa agizo ambalo niliambiwa niliandike palepale, nami nikaliandika: Daktari atembee na sindano kadiri atakavyo, tiba zote mbili zianze leo kwa wagonjwa wote, na Mkurugenzi na Katibu wasinyoe nusu zilizobaki, wala wasiziguse, mpaka dole gumba la kinyozi litakapokunjika.

"Kwa muda gani, Mheshimiwa?" Mkurugenzi aliuliza.

"Kaliulize dole."

Sijawahi kuona hospitali ikifanya kazi namna ile. Kiongozi aliyekuwa akihitaji siku kumi na nne kujibu barua alikuwa anafika alfajiri kusubiri kufuli za jokofu zifunguliwe. Kila siku ya tiba alibeba yeye mwenyewe sinia la dawa toka magharibi mpaka mashariki, nusu ndevu nusu uso, akiwafokea watu wapishe njia. Mwanga ukapiga, gamba likaondoka, na kabla kiti hakijapoa Daktari alikuwa ameshachoma kuzunguka kidonda. Aliyefuata kwenye kiti hichohicho alikuwa mwoka mikate. Jalada la kijani lilitenganishwa yakawa mawili. Kadi ziliongezewa kisanduku cha pili cha muhuri kwa kalamu na rula, kazi iliyochukua dakika moja, na nakiri rula ilikuwa yangu.

Nyumbani kwangu watoto waliniita Baba Nusu. Kwenye benki walikataa picha yangu. Kila jioni nilipita bandani kuuliza, na shemeji kila jioni alilijaribu dole mbele yangu. Siku ya tisa ya Daktari ilipita, dole bado, na mimi nilikwenda nyuma ya banda nikalia, tena si kwa sababu ya ndevu. Dada yangu alinikuta pale. Alinipa taulo.

Wiki ya tano kidonda kilifunga. Wiki ya sita, asubuhi, dada yangu alinipigia simu akiwa anacheka na kulia kwa pamoja, nikashindwa kuelewa hata neno, ila nikaelewa. Shemeji alikuwa amejifunga vifungo vyote vya shati mwenyewe, mpaka kile cha shingoni ambacho huwa hakifungi mtu.

Mkurugenzi alifika bandani kabla yangu. Nilimkuta ameshakaa, shuka limeshafungwa, povu limeshapakwa. Shemeji aliuchukua wembe kwenye kasha, akaushika kwa dole gumba na vidole viwili, akaukunjua, akaukunja, akaukunjua tena, polepole, kwa raha zake. Kovu dogo liling'aa kwenye kiungo. Kisha akainama kwa adabu.

"Mzee, leo tunanyoa vipi?"

Mkurugenzi wa hospitali, mwasisi wa Jozi ya Tiba, mwenye miwani ya huruma, alifumba macho.

"Pande zote mbili, fundi," alisema kwa sauti ndogo. "Siku moja, kiti kimoja."